Monita moja, kompyuta ya kazi na PlayStation ya jioni: waya upi uende wapi

Dada mmoja wa Arua ameniandikia, nami nimefupisha kidogo tu:

"Nina duka la stesheneri karibu na soko. Nachapa barua, natoa fotokopi na picha za pasipoti. Kompyuta yangu ni ile ndogo ya HP EliteDesk 800 G2 Mini, monita ni ya inchi 24. Jioni mdogo wangu huleta PS4 Slim yake, vijana wanacheza mpira kwa zamu, nasi tunapata chochote. Shida ni kwamba kila jioni anachomoa waya wa kompyuta nyuma ya monita na kuchomeka wa PS4, asubuhi mimi narudisha. Sasa tundu la HDMI limeanza kulegea. Tulinunua waya wa HDMI kwenda DisplayPort ili PS4 ikae kwenye lile tundu jingine la monita, lakini monita inaandika kwamba haipati mawimbi. Fundi mmoja anasema tundu hilo limekufa. Mwingine anasema ninunue spilita. Halafu sauti ya PS4 haisikiki kabisa, na juzi nilipigwa shoti kidogo nikishika waya. Nifanyeje?"

Dada, tundu lako halijafa, na spilita usinunue. Karibu kila kitu unachohitaji unacho tayari, ila kimechomekwa mahali pasipo pake. PS4 iende kwenye HDMI ya monita, na waya wake ukae hapo usiku na mchana. Kompyuta ihamie DisplayPort ya monita, kwa waya wenye DisplayPort pande zote mbili. Kuanzia hapo anayetaka skrini anabonyeza kitufe cha monita, hagusi waya nyuma yake.

Nadhani najua mlifikaje hapo, maana wengi sana wamepita njia hiyo. Kompyuta yako ilikuja na matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA, haina HDMI. Aliyekuuzia akakupa waya wenye DisplayPort upande wa kompyuta na HDMI upande wa monita, na ukafanya kazi bila tatizo. Mdogo wako akatazama waya ule akajiuliza: kama picha inatoka DisplayPort na kuingia HDMI, kwa nini nisiugeuze, HDMI iende kwenye PS4 na DisplayPort kwenye monita? Hesabu yake haina kosa. Tatizo ni kwamba waya huo una kwenda tu, hauna kurudi, na hakuna mahali pameandikwa hivyo juu yake.

HDMI ilitoka mwaka 2002. Walioianzisha ni kampuni za televisheni na vyombo vya nyumbani, Sony ikiwa mojawapo, ndiyo maana hutaona PlayStation yenye tundu la DisplayPort. DisplayPort yenyewe ilikuja 2006 kutoka VESA, chama cha watengenezaji wa skrini na kompyuta, ndiyo maana mashine za ofisini kama yako zimejaa nayo. Lugha zao hazifanani hata kidogo. HDMI ya PS4 humimina picha mfululizo, mstari baada ya mstari, kama maji ya mfereji. DisplayPort huikata picha vipande na kuvifunga katika vifurushi vidogo vidogo, halafu monita inavifungua upande wa pili.

Sasa, waya wako wa kompyuta unafanyaje kazi basi? Si kwa uerevu wa waya. Ni kompyuta inayojua lugha mbili. Tazama tundu lake la DisplayPort kwa tochi ya simu: kwenye mashine nyingi utaona herufi D na P zikiwa na alama mbili za kujumlisha pembeni. Maana yake tundu hilo likihisi kuwa ng'ambo kuna HDMI, linaacha lugha yake na kuongea HDMI moja kwa moja. Ndani ya plagi kuna kichipu kidogo cha kurekebisha volti, hakitafsiri chochote. PS4 haina ujuzi huo. Inaongea HDMI peke yake, na monita kwenye DisplayPort yake inasubiri vifurushi. Ni kama mmoja anaongea Kilugbara, mwenzake anasikia Kiganda tu, na katikati hakuna mkalimani. Monita ikisema haipati mawimbi, inasema kweli.

Mkalimani yupo madukani. Ni adapta ya HDMI kwenda DisplayPort yenye chipu ya kutafsiri, na utaitambua kwa mkia wa USB wa kuvuta umeme. Inafanya kazi, lakini ni ghali kuliko waya na inapata joto. Wewe huna haja nayo.

Kabla hata hujapata waya mpya, leo hii unaweza kuanza. Kama nyuma ya monita kuna tundu la VGA, lile pana la skrubu mbili, chukua waya wa VGA, ambao sidhani kama utakosa kwenye kabati la duka la stesheneri, uunganishe na VGA ya kompyuta. PS4 ipe HDMI. Herufi zitakuwa laini kidogo kuliko ulivyozoea, kwa sababu VGA ni ya zamani na picha yake si ya kidijitali. Bonyeza kitufe cha kurekebisha kiotomatiki kwenye monita huku ukiwa umefungua ukurasa mweupe wenye maandishi mengi na picha itatulia. Kwa kuchapa barua inatosha kabisa. Kwa picha za pasipoti ningesubiri DisplayPort.

Ukishaunganisha, ingia menyu ya monita, tafuta sehemu ya kuchagua chanzo cha picha, na uzime ile ya kutafuta chanzo yenyewe. Wengi huiacha, halafu wanalalamika. Ikiwa imewashwa, kompyuta ikilala monita inarukia PS4. PS4 ikiwa giza sekunde mbili wakati wa kubadilisha gemu, monita inarukia kompyuta, na vijana wanapiga kelele. Ikizimwa, monita inakaa ulipoiweka. Jioni, kabla hujamwachia mdogo wako kiti, hifadhi kazi na uzime kompyuta kabisa. Kuna monita ambazo ukiziondoa kwenye DisplayPort kompyuta huona kama skrini imechomolewa, basi ukirudi unakuta madirisha yote yamejikusanya pembeni kama kuku kwenye mvua. Kuizima kunakuepusha na hilo, na barua za wateja wako haziwi wazi mbele ya vijana wa mpira.

Waya wa DisplayPort una tabia mbili ambazo HDMI haina. Plagi zake nyingi zina vikulabu viwili vya chuma juu, na kitufe cha kubonyeza. Ukivuta bila kubonyeza unang'oa tundu. Mwambie mdogo wako hilo kabla hajaugusa. La pili ni la ndani zaidi. DisplayPort ina pini 20, na pini ya 20 hubeba umeme kidogo kwa ajili ya adapta. Katika waya wa kawaida wa DisplayPort kwa DisplayPort pini hiyo haitakiwi kuunganishwa pande mbili, lakini nyaya za ovyo huiunganisha, na umeme wa monita unaingia kwenye kompyuta kwa mlango wa nyuma. Ukiona kompyuta iliyokuwa inawaka vizuri sasa inakataa kuwaka monita ikiwa imewashwa, au taa yake inabaki hai hata baada ya kuchomoa umeme wake, shuku waya kwanza kabla ya kumlipa fundi.

Nirudi kwenye spilita, kwa sababu jina hilo linapoteza pesa za watu wengi kwenye maduka yetu, kuanzia Kampala hadi huko kwenu. Spilita huchukua picha ya chombo kimoja na kuigawa kwa skrini mbili au zaidi, kama kwenye banda la kuonyeshea mpira. Wewe una vyombo viwili na skrini moja, kinyume chake. Kifaa chako kingekuwa swichi ya HDMI, yenye matundu mawili au matatu ya kuingilia na moja la kutokea. Kwa macho vinafanana, vikasha vyeusi vya ukubwa wa kiberiti, na muuzaji mwenye haraka atakupa chochote kilicho karibu na mkono wake. Hesabu matundu: palipoandikwa kuingia pakiwa na matundu mawili na kutoka tundu moja, ndiyo swichi. Kama monita yako ingekuwa na HDMI moja pekee bila kitu kingine, ningekuambia ununue swichi ya kitufe cha kubonyeza kwa kidole, wala si ile inayojichagulia yenyewe.

Na mkifika dukani, mtaonyeshwa waya wa HDMI ulioandikwa 8K kwa herufi za dhahabu. Uacheni. PS4 Slim haitoi zaidi ya 1080p, mara 60 kwa sekunde, na picha hiyo haifiki gigabiti 5 kwa sekunde kwenye waya. HDMI ya zamani ya 1.4 hubeba zaidi ya 10, yaani mara mbili ya mnachohitaji. Waya wa HDMI 2.1, wa gigabiti 48, una kazi siku mdogo wako atakaponunua PS5 na skrini ya kuistahili, na siku hiyo atakuta waya wake umo ndani ya boksi la PS5. Pesa hiyo iwekeni kwenye mambo ya umeme, nitakayoyafikia sasa hivi.

Kwanza sauti. PS4 inapeleka sauti ndani ya HDMI hiyo hiyo, ikifika kwenye monita inakosa pa kutokea kwa sababu monita yako, kama nyingi za ofisini, haina spika ndani. Geuza monita, tafuta kitundu cha mviringo chenye alama ya hedifoni. Kikiwepo, hamishia hapo spika zako ndogo za kompyuta, na zitakuwa za wote wawili: DisplayPort nayo hubeba sauti, hivyo kwenye Windows bonyeza alama ya spika pembeni chini na uchague jina la monita. Ukiwa bado unatumia VGA, sauti ya kompyuta haitapita huko, VGA haibebi sauti. Kitundu cha hedifoni kisipokuwepo kwenye monita, njia nyepesi ni kuchomeka hedifoni kwenye kidhibiti cha PS4, kile wanachoshika mkononi. Kina kitundu chake chini. Kwenye mipangilio ya vifaa vya sauti mchague sauti yote iende kwenye hedifoni. Jioni wateja wakiwa bado wanaingia, mimi ningependa njia hiyo hata kama spika zipo.

Hilo la shoti ndilo lililonifanya nikujibu haraka.

PS4 Slim hutumia waya wa umeme wa pini mbili wenye umbo la nane, hauna waya wa ardhini. Ndani ya sehemu yake ya umeme kuna vikapasita vidogo vya kuchuja kelele za umeme, na hivyo hupitisha umeme kidogo sana hadi kwenye chuma cha tundu la HDMI. Umeme wetu ni volti 240, na chuma hicho kikiachwa kinaelea hufika karibu nusu yake. Inatisha kuisikia, lakini kiasi kinachopita ni kidogo mno, chini ya miliampia moja, ndiyo maana unahisi kama mchwa wanatembea kidoleni na si kurushwa. Mwili wako hauumii. Anayeumia ni kichipu cha HDMI, ambacho pini zake zimezoea volti tatu hadi tano. Mkichomeka waya gizani nyuma ya monita, vyombo vyote vikiwa vimewashwa, plagi ikiingia upande, pini inaweza kugusa kabla ya ganda la nje, na umeme wote wa kuelea unapita hapo.

Mezani pangu ninapoandika kuna PS4 Slim iliyokufa hivyo hivyo. Chini ya lenzi, tundu lake la HDMI lina pini 19, na ya tatu kutoka kushoto imekunjwa ikalala juu ya jirani yake. Nimelibadilisha tundu, picha haikurudi, kwa kuwa chipu iliyo nyuma yake ilikwisha kuungua. Mwenyewe anasema alikuwa anachomoa na kuchomeka kila jioni, kama nyinyi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu, na siku zote: zima, chomoa umeme ukutani, unganisha HDMI, ndipo urudishe umeme. Vyombo vyote vitatu viwe kwenye ekstensheni moja, ili viwe na ardhi moja. Monita na adapta ya kompyuta vina plagi ya pini tatu, na PS4 ikishaunganishwa navyo kwa HDMI, umeme ule wa kuelea unatakiwa ushuke ardhini kupitia kwao na usiusikie tena. Ukiendelea kuusikia baada ya kila kitu kuunganishwa, basi soketi yako ina tundu la tatu la mapambo tu, halijafungwa ardhini. Nimeona nyumba nyingi za kupanga za namna hiyo. Mwite fundi umeme aliyesajiliwa apime, na uongee na mwenye nyumba kuhusu malipo. Na kama shoti ni ya kurusha mkono, si ya kuwasha, usingoje fundi wa kesho: zima swichi kuu na usirudishe hadi ijulikane inatoka wapi.

Radi pia. Uganda imo kati ya nchi zenye radi nyingi duniani, na Tororo kwa miaka mingi imetajwa kwenye vitabu vya rekodi kwa jambo hilo. Ekstensheni ya kuzuia umeme mkali inasaidia kidogo, mkono wako kuchomoa plagi unasaidia zaidi. Na mkiamua baadaye kuongeza dikoda ya mpira kwenye monita hiyo hiyo, mkumbuke kuchomoa hata waya wa dishi mawingu yakianza. Dishi liko juu ya paa, waya wake unaingia kwenye dikoda, dikoda imeunganishwa na monita kwa HDMI, na monita na PS4. Nimepokea mashine zilizopigwa kwa njia hiyo zikiwa zimezimwa kabisa.

Kuhusu kukatika kwa umeme hukuniuliza, lakini unachapa barua za watu, na PS4 ina diski inayozunguka. UPS, kile kikasha chenye betri kinachoshikilia vyombo umeme ukikatika, ndogo ya VA 650 inawatosha: kompyuta yako ina adapta ya wati 65 na mara nyingi haifiki nusu yake, monita ya inchi 24 ni kama wati 25, PS4 Slim ikichezwa ni kama 80. Dakika chache inazokupa ni za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hata siku moja. Ikipasha joto roli lake inavuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS inalia na kuzima kila kitu, ukiwemo ukurasa uliokuwa hujauhifadhi. Printa ikae ukutani.

Lile tundu lililolegea, kwanza jaribu waya mwingine, maana mara nyingi ni plagi ya waya iliyopanuka. HDMI imetengenezwa kuvumilia kuchomekwa mara 10,000. Hamjafika huko. Kinachoiua ni uzito wa waya kuning'inia na kuvutwa kwa pembeni. Ukiona linacheza hata kwa waya mpya, funga waya kwenye mguu wa monita kwa kamba ya plastiki, ukiacha mkunjo mlegevu karibu na plagi ili uzito usifike kwenye tundu. Kwa vile PS4 sasa haitachomolewa upande wa monita, linaweza kukaa hivyo miaka. Jioni mdogo wako akija na PS4 yake, waya unabaki kwenye monita na yeye anachomeka upande wa PS4 tu, penye mwanga, mbele ya macho yake, kabla ya umeme.

Ukienda dukani, piga picha nyuma ya monita na nyuma ya kompyuta kwa simu, umwonyeshe muuzaji. Mwambie unataka waya wa DisplayPort kwa DisplayPort, mita mbili zatosha, ncha zote mbili ziwe na umbo lile lile: pembe moja imekatwa, tatu ni za mraba. Akikupa wenye ncha mbili tofauti, rudisha hapo hapo kabla hajafungua droo ya pesa.